Tela la Taka na Kitovu cha Enoka

Alhamisi, 10 Oktoba 1996

Bwana afya kapita leo na kipaza sauti. Jumamosi ni usafi, nyumba kwa nyumba, kabla mvua hazijaanza. Kila mtu atoe taka zake barabarani, tela la halmashauri litazoa. Na makopo! Atakayekutwa na kopo lenye maji ya mbu uani kwake, faini.

Nashon kusikia neno faini, kaacha baiskeli ya mteja miguu juu, kaanza kuzunguka ua. Huyu mume wangu simba haogopi, anaogopa faini.

Enoka kanyonya vizuri. Joto kali.

Jumamosi, 12 Oktoba

Mgongo wangu! Nimefagia, nimefyeka, nimekwenda bombani na kurudi. Niliporudi safari ya mwisho nikakuta Nashon kamaliza kila kitu. Nje na ndani! Kapangusa hata juu ya ukuta chini ya kenchi, mahali ambapo buibui walishajenga mji wao. Tela likaja, Rafaeli dereva akapiga honi, vijana wakarusha vyote juu, kwaheri.

Lazima niseme ukweli, nyumba inapendeza. Nimempikia wali, anastahili.

Jioni muuza maziwa wa Mwamkulu kaleta salamu za mama mkwe. Baba mkwe karudi kutoka malishoni na ng'ombe wote wazima. Kwa hiyo Jumamosi ijayo Mama anakuja kuchukua kitovu cha Enoka wakakizike shambani kwao. Haya. Karibu, Mama.

Jumapili, 13 Oktoba

Kopo halipo.

Nimerudi kanisani nikasema ngoja nilishushe kopo la kitovu nilifute vumbi, Mama asije akanisema. Juu ya ukuta – peupe! Nikamuuliza Nashon. Akaangalia juu ya ukuta. Halafu akasema, lile lenye doa la kijani? Alidhani ni kopo lake la rangi, lile alilokuwa akichovya brashi alipopaka fremu. Alilitikisa, akalisikia jepesi, akalirusha kwenye tela. Kwenye tela!

Nikakaa chini. Nikapiga kelele mpaka mtoto akaamka.

Niandike vizuri nisije nikasahau kwa nini nalia. Enoka alipodondosha kitovu, mwezi wa nane, mama mkwe, Mama Nyanzala, alikuwepo. Alikifunga kwenye kitambaa cheupe kwa uzi mwekundu, mafundo matatu, akakitia kwenye kopo la maziwa ya unga, akanikabidhi mimi. Si Nashon, mimi. Akasema kilale chumba kimoja na mtoto mpaka mzee arudi na ng'ombe, kisha kizikwe Mwamkulu. Mimi kwetu sisi Wafipa wa misheni mambo haya tuliyaacha kwa bibi zetu, nikawa naitikia tu, ndiyo Mama, sawa Mama. Leo mbona naogopa?

Maana namjua. Watoto wake wote vitovu vyao viko njiani. Mmoja Shinyanga, mmoja Nzega, cha Nashon Urambo. Wamezika na kuhama, wamezika na kuhama, ng'ombe mbele wao nyuma. Huyu Enoka ndiye wa kwanza kuzaliwa tangu wapate shamba la Mwamkulu. Siku ile aliniambia: hapa sasa tumefika, hatuhami tena. Alisema akiwa ameshika kopo lile.

Nashon kala ugali nusu, kaacha.

Jumatatu, 14 Oktoba

Miaka yote nimeishi mji huu, sijawahi kujiuliza taka zinakwenda wapi. Tela likishapinda kona ya reli, kwangu mimi zimekwisha duniani. Leo nimekwenda halmashauri na mtoto mgongoni kuuliza. Karani akataka kujua kopo lilikuwa na nini. Nikasema dawa. Ya nini? Ya mtoto. Akaniangalia, akasema basi nikanunue nyingine.

Nimempata Rafaeli nyuma ya ofisi akijaza maji kwenye trekta. Huyo ana utu. Akasema mama, sisi tunamwaga Misunkumilo, kwenye shimo walikochimba moramu ya barabara zamani. Akasema jana na leo trekta bovu, hakuna taka mpya juu ya zako, una bahati. Bahati!

Jumanne, 15 Oktoba

Misunkumilo. Nashon kafunga kazi twende wote. Tulichukua fimbo ya kuchokorea.

Nilitegemea mlima wa taka. Hakuna. Shimo limejaa nusu tu, na kilichomo ni mifuko ya rambo, rambo, rambo, nyeusi na za bluu, zinapepea kwenye miiba. Taka zetu nikazitambua – tairi la Nashon limekatika, ndala yangu ya mguu mmoja. Lakini kopo hakuna. Hata moja! Mji mzima umetupa makopo Jumamosi, yako wapi?

Kulikuwa na mama mmoja anakusanya majivu na maganda kwenye kapu. Nikamuuliza. Akacheka.

"Makopo hayalali hapa, mwanangu. Haya majivu ni ya kwetu wenye bustani za mchicha. Chupa wanazoa wauza mafuta ya taa. Makopo anachukua mama mmoja wa Kasokola, anampelekea fundi Antoni sokoni, anatengenezea koroboi. Nyie mjini mnadhani mnatupa. Kinachobaki hapa ni rambo tu, na hizo mbuzi akila anakufa."

Nashon akaniuliza njiani kama nimekasirika. Nikamwambia sina hata nguvu ya kukasirika.

Jumatano, 16 Oktoba

Yesu na Maria. Kopo limeshakuwa koroboi!

Nimefika sokoni asubuhi. Fundi Antoni kakaa katikati ya makopo, mkasi wa bati mkononi, taa mpya amezipanga kwenye gunia mbele yake. Na pale mstari wa kwanza – doa la kijani. Linaniangalia. Nikaliinua. Tayari lina utambi, lina mkono wa kushikia, limenyooka kabisa. Nikaanza kulia mbele ya watu, kwa sababu ya koroboi. Mwanamke muuza dagaa akadhani nimefiwa.

Antoni maskini akachanganyikiwa. Akasema anapokea makopo matupu tu, yameoshwa. Anayeleta ni Séverine, yule mama wa Kirundi wa Kasokola. Akija mjini na ndizi, kurudi anapitia shimoni, anakwenda nayo nyumbani, anayafungua na kuyaosha huko. Haya ya Jumamosi kaleta jana. Kama kulikuwa na kitu ndani, yeye ndiye amekiona.

Amekiona! Au amekimwaga. Sitaki kufikiri.

Antoni kanipa ile taa bure. Nimeificha chini ya kitanda, siwezi kuitazama.

Alhamisi, 17 Oktoba

KIPO! Kipo, kipo, kipo. Ee Mungu wangu asante.

Nipumue kwanza.

Tulitoka alfajiri, mimi na Enoka nyuma ya baiskeli, Nashon anakanyaga. Kasokola si karibu. Tukaelekezwa mpaka kwenye nyumba ya udongo yenye migomba kushoto, ua umefagiliwa vizuri kuliko wangu. Séverine alikuwa anamenya mihogo. Ni mtu mzima, mrefu, ana sauti ya chini. Kaolewa na mtu wa hapa hapa, naye yupo, kaitika salamu toka ndani.

Sikujua nianzie wapi. Nikasema, mama, kuna kopo la maziwa, lenye doa la kijani... Hakunisubiri nimalize. Akamtazama Enoka mgongoni kwangu, akaweka kisu chini, akapiga makofi mara moja.

"Ni huyu?"

Nikasema ni huyu. Akasema mlete. Akamchukua, akamwinua juu, akamwangalia tumboni pale pale kitovuni, akacheka peke yake. Akasema alipofungua kitambaa akajua. Uzi mwekundu ule mtu hafungi kwa mchezo. Akasema, "Nikawaza, huyu mtoto ana mama, na mama yake analia mahali. Lakini simjui. Na kitovu cha mtu hakilali jalalani."

Basi akakizika. Jumapili ile ile! Wakati mimi nampigia Nashon kelele, mwanamke huyu alikuwa anachimba kwenye shina la mgomba, anakilaza na kitambaa chake, anafukia, anamwagia maji. Katuonyesha. Pamefukiwa vizuri, kaweka na jiwe ili kuku wasiparue.

Nililia sana. Nashon naye – kageuka anajifanya anaangalia tairi. Nimemkumbatia Séverine mpaka unga wa mihogo umehamia kwenye gauni langu. Tumekula kwake. Kila kitu kilikuwa kitamu, hata maji.

Njiani kurudi Nashon kaimba. Sauti mbaya kama kawaida. Sijali.

Ijumaa, 18 Oktoba

Nimelala usingizi wa kweli. Nimeamka nyepesi. Nimefua nepi zote.

Halafu ndio nikakumbuka, kesho Mama anakuja. Kitovu ni salama, lakini kimezikwa, na kimezikwa kwa watu!

Nashon ana mpango wake. Kaja jikoni ananong'ona, utadhani kuna polisi. Tutafute kopo lingine, kitambaa cheupe, uzi mwekundu, na ndani tutie kipande cha tangawizi kikavu. Mayu, ndivyo wanavyoita mama kwao, macho yake hayaoni vizuri siku hizi, atajuaje? Tangawizi! Nilicheka mpaka nikashika ukuta. Mama yako mwenyewe azike tangawizi Mwamkulu, amwagie na maji?

Akasema basi wewe utamwambia nini.

Hapo nikaacha kucheka. Séverine jana alisema wakati tunaaga: kwao kitovu kikishaingia ardhini hakitoki. Lakini mtoto ni wenu, mkitaka kuchimba njooni, mimi sitakataa.

Nitamwambia ukweli. Nimeamua.

Jumamosi, 19 Oktoba

Kaja mapema na mbegu za karanga, na kuku, na jembe. Jembe jipya! Baba mkwe kalitia mpini mwenyewe kwa kazi hiyo. Nilipoliona nikakimbilia mtungini.

Nikampa maji. Nikapiga goti. Nikaanza, na nikasema vyote, bwana afya, makopo, tela, shimo, koroboi, migomba. Nikaleta na ile taa nikaiweka mbele yake. Nashon akasema, "Mayu, kosa ni langu, si la Dorotea." Hapo nimempenda upya.

Mama kaishika taa, kaizungusha. Nilisubiri anitukane. Akauliza jambo moja, "Huyo mwanamke, alikimwagia maji?"

Nikasema ndiyo, na akaweka jiwe.

Akasema, "Haya." Kisha akamwomba mtoto, akamweka mapajani. Nashon akajaribu kumfariji – tutachimba, Mayu, tutakileta Mwamkulu, ni kazi ndogo. Akajibu, "Yaya, hapana. Nipelekeni nione."

Hajanitukana! Nimeosha vyombo vyote. Mzigo umeshuka. Hata akichukia sasa, amechukia ukweli.

Jumapili, 20 Oktoba

Naandika nikiwa Kasokola, uani kwa Séverine. Daftari nililitia kwenye kapu la nepi maana nikiliacha nyumbani Nashon analisoma.

Tumekuja na baiskeli mbili, moja ya mteja, Mungu amsamehe Nashon. Mama kapakiwa nyuma yake, jembe kalishika mwenyewe njia nzima, kakataa lifungwe.

Wamesalimiana kwa Kiswahili cha taratibu, kila mmoja na cha kwao ndani yake. Mama kakaribishwa kiti, kakataa, kakaa kwenye mkeka karibu na Séverine. Wakaongea mvua. Wakaongea ng'ombe. Séverine akamuuliza Mama wametoka wapi, Mama akataja Shinyanga, Nzega, Urambo, na kila alipotaja akagusa mkeka kwa kidole, hapa, hapa, hapa. Akasema Urambo alipita tena mara moja kupatafuta pa Nashon. Pamelimwa tumbaku, hakuna anayemjua.

Halafu Mama akauliza, "Na cha kwako kiko wapi?"

Séverine akasema kiko ng'ambo ya ziwa, kwao. Kulikuwa na mgomba. Walikimbia akiwa mdogo, mwaka wa sabini na mbili, mgomba akauacha umesimama. Hajui nani analima pale sasa. Akasema kwa sauti ile ile ya kawaida, akaendelea kumenya mihogo yake.

Mama kaegemea jembe, kainuka, kasema, "Nionyeshe."

Wameingia kwenye migomba wote wawili. Mimi na Nashon tumebaki hapa na mtoto, hatukuitwa.

Nasikia jembe.

Nashon ananiuliza, anachimba au anapalilia? Sijui. Kutoka hapa huwezi kujua. Linagonga, linanyamaza, linagonga. Wanaongea chini chini. Sasa wanacheka! Nani kacheka, Mama? Sijawahi kumsikia akicheka hivi.

Enoka kaamka. Sina wasiwasi, ajabu, sina wasiwasi hata kidogo, nilikuwa nadhani ningekufa hapa.

Jembe limenyamaza. Mama anaita. Anasema tulete maji ya kumwagia mgomba, na tumlete mtoto, aje aone kwao.