Macho ya Ukoo Wetu

Ngezi, Bunia
Tarehe 9 Machi 2024

Mpendwa mwanangu Bénédicte,

Nimeficha ugonjwa wa ukoo wetu miaka mingi, na sitaki kuzikwa nao. Lakini kwanza salamu. Hujambo huko Kisangani? Watoto wanaendeleaje? Mume wako Eddy amepona homa? Mimi miguu imevimba, pumzi ni fupi, na padri ameshanipaka mafuta.

Wakati wa Noeli uliandika kwamba pikipiki ilikugonga kwa sababu hukuiona ikitokea kando. Ulisema ni uchovu. Nina hofu si uchovu. Nenda kwa daktari wa macho wiki hii, umwombe apime presha ya jicho. Ugonjwa ninaouhofia unaitwa glokoma. Maji ya ndani ya jicho yanabana mshipa wa kuona, na mara nyingi mtu hasikii maumivu mpaka giza limefika. Kilichopotea hakirudi, lakini dawa ya matone inaweza kulinda kilichobaki. Wapeleke watoto pia.

Unajua nilikuwa daktari wa mifugo. Zamani padri mmoja aliniachia mbwa wawili wa kizungu, wenye masikio marefu, wanaoitwa kokeri. Jike lilipofuka, kisha watoto wake wawili: jicho jekundu, limevimba, lina ukungu. Mbwa wa aina ile huweza kurithishana glokoma. Kila aliyetaka mtoto wa mbwa wale nilimwambia asimzalishe. Juu ya mbwa nilikuwa mkweli.

Juu yetu sikuwa. Babu yako alikuwa kipofu kabla baba yako Michel, mdogo wangu, hajaoa. Wajomba wa mama yako Vahwere walipotoka Butembo kuuliza kama kwetu kuna ugonjwa, kama desturi inavyotaka, tulikuwa tumempeleka mzee kijijini Aveba asionekane. Msemaji wa ukoo nilikuwa mimi.

“Na muzee mwenyewe iko wapi?” mjomba mmoja aliuliza.

“Iko Aveba, anachunga ngombe.”

“Muzee gani anakimbia kuku ya wakwe! Ao anatuogopa siye?”

Tulicheka wote. Anachunga ng'ombe, mtu ambaye hakuweza kuona mlango.

Baba yako naye alipoanza kupapasa sahani, watu walimtazama mama yako, mgeni, mpishi wa chakula chake. Ulikuwa mdogo. Uliambiwa alimtilia sumu, akafukuzwa, na mpaka leo hupokei simu zake.

Juzi nilishtuka. Espérance, mke wa mwanangu Stéphane, aliniachia vifaranga niviangalie chumbani, maana siwezi kwenda popote. Viko ndani ya karatoni, na chungu cha makala, makaa ya moto ya kuvipasha joto, katikati. Mvua ilinyesha tangu asubuhi, nikasinzia, makala yakazima. Aliporudi kutoka sokoni alivikuta vimelaliana pembeni, vya chini vimekufa.

“Ni Mama Berthe!” akaanza, akimtaja jirani yetu. “Jana alivisifu sana! Jicho yake iko mubaya!”

“Mama, wacha Berthe,” nilimwambia. “Ni miye. Nililala, moto ikazima.”

Akaenda kutafuta makala mengine. Yakaisha hapo. Nililia, naye akadhani nalilia vifaranga.

Nisalimie Eddy na watoto. Stéphane na Espérance wanakusalimu, na shangazi yako Claire anakuombea. Mungu akulindie macho, awalindie na watoto wako. Mpigie mama yako simu. Akikataa kusema nawe, piga tena.

Limebaki jambo moja. Siku wazee walipokaa kumhukumu, hawakuwa na hakika. Walinigeukia mimi, mtu wa masomo, wakauliza: “Dokta, weye unajua. Hii ni sumu ao ni ugonjwa?” Mama yako naye alinitazama, bila woga, kwa maana aliniamini. Ningesema ni damu yetu, wakwe wangejua tuliwadanganya, na nani angeoa tena binti zetu? Aliyejibu kwamba ni sumu ni mimi,

baba yako mkubwa akupendaye,

Mathieu