Lifti Imekufa, Mimi Niko Juu

Jumatatu, 4 Februari
Lifti imekufa. Si kukwama kama zamani — imekufa kabisa, fundi kasema mota imeungua. Mimi na nyonga yangu mpya ya bandia tuko ghorofa ya nane, mji mzima wa Pernik uko chini. Mume wangu Ognyan ananituliza: wiki moja tu. Umri huu na bado anaamini mafundi.

Alhamisi, 14 Februari
Mkutano wa wakazi kuhusu kuchangia mota mpya. Ognyan karudi, kavua viatu taratibu. Nikajua. Bi Tsvetana wa chini kabisa kasema lifti hajaipanda tangu ahamie, achangie ya nini? Wa ghorofa ya tatu wanasema ngazi ni mazoezi. Wenye nyumba wa ghorofa ya saba wako Uhispania, simu hawapokei. Krum, mwenyekiti wa jengo, kaitisha kura. Tumeshindwa.
Nimejilaza natafuta mtu wa kumchukia. Simpati. Kila mmoja hesabu yake ni sahihi. Ukizijumlisha, mimi nimefungwa.

Jumapili, 24 Februari
Ajabu ya watu hawa. Tsvetana kapanda ngazi zote na sufuria ya supu ya maharage, anahema. Krum analeta mkate kila asubuhi. Mmoja mmoja wana huruma hadi naona haya. Wakikaa pamoja mkutanoni, huruma inatoka kwa mlango wa nyuma. Inakwenda wapi?
Supu ilikuwa tamu. Hilo ndilo limeniudhi.

Ijumaa, 1 Machi
Ognyan kanifunga uzi wa Machi mkononi, mwekundu na mweupe, wa kuombea afya. Jumamosi ya wiki ijayo mjukuu wetu anabatizwa. Krum kasema atanibeba na wenzake watatu, kwenye kiti cha jikoni. Nikakataa, mimi si kabati. Walioninyima lifti wasinipe mabega.
Ognyan akasema, "Basi mtoto atabatizwa bila bibi yake."


Jumamosi, 9 Machi
Nimebebwa. Macho nimefumba hadi ghorofa ya tano. Wao wanataniana: polepole, Krum, hilo si gunia la makaa. Kisha chini — hewa! Matope, moshi, theluji inayeyuka. Kanisani nimelia kumshinda mtoto.
Kurudi jioni, wabebaji hakuna. Mmoja kaingia kazini, wawili hawaonekani, Krum mgongo umemkamata. Tumesimama mlangoni kama wageni. Tsvetana kafungua kwake.
"Ingia, dada. Lala kwenye kochi langu. Usiku mmoja tu."

Jumatano, 13 Machi
Bado niko kwa Tsvetana. Mgongo wa Krum haujapona. Ognyan anashuka asubuhi, anakunywa kahawa nasi, jioni anapanda peke yake.
Mlango wa hapa unafungukia uani. Leo nimekwenda kwa magongo hadi dukani nikanunua limau. Sikuwa na haja ya limau.
Mchana Tsvetana, huku akipanga mito, kaniuliza Krum atapona lini. Nikasema kwa umri wake haponi haraka. Akakaa. Akauliza kufunga mota mpya huchukua muda gani. Nikasema sijui.
Sasa hivi yuko koridoni, anamwambia Krum kwenye simu kwamba mkutano uitishwe upya, na yeye atachangia. Anaongea chini chini, lakini kuta za jengo hili ni karatasi. Ognyan ananitazama, anangoja nifurahi.
Nimemwomba apande aniletee nguo zangu za kiangazi, ingawa kiangazi bado miezi mitatu.