Ndoo Waliyokuja Nayo

Pasiansi, Mwanza
Jumapili, 10 Agosti 2025

Mpendwa Shangazi Sista Teodora,

Shikamoo, na Tumsifu Yesu Kristo. Natumaini hujambo wewe na masista wenzako, na kwamba lile goti limepoa. Baridi ya Songea sisi tunaisikia kwenye barua zako tu. Huku tu wazima. Bibi anakohoa kidogo asubuhi, ila ukimwambia aende hospitali anakuuliza kama umechoka kumwona.

Nimeshika kalamu haraka kwa sababu najua Baba ameshakuandikia unikanye. Basi kabla hujanikanya, nisikilize na mimi.

Kipindi cha Waya na Akili nilishakueleza: shule zinashindana runingani kwa maswali ya teknolojia, wanafunzi watatu watatu. Shangazi, tumeingia fainali! Mimi, Yahaya na Gladness. Swali la mwisho liliuliza kwa nini betri ya simu huvimba, nikabonyeza kitufe mtangazaji hajamaliza hata kusoma. Fainali ni Jumamosi hii inayokuja, Dar es Salaam, na shule itakayoshinda itapewa chumba kizima cha kompyuta. Sisi tunagombania moja watu sita, kwa hiyo unaelewa.

Sasa, kabla ya fainali wanarekodi maisha ya kila mshiriki nyumbani kwao. Jumanne wakaja kwetu. Bibi alikuwa amevaa kile kitenge ulichompa siku ya nadhiri zako, sato wamekaangwa, Baba amepaka rangi mlango wa mbele. Mwongozaji wao, kaka mmoja mpole sana wa maneno, akatazama bomba letu la uani, akatazama dishi juu ya bati, uso ukamshuka kama aliyekosea nyumba.

Akatoa ndoo kwenye gari. Walikuja nayo, imepasuka mdomo. Hakuna ya kwetu iliyochakaa vile. Eti niteremke nayo ziwani, nipande nayo mawe kichwani, halafu nikae chini na Bibi nimfundishe kushika simu. Bibi, Shangazi! Admini wa kundi la wasapu la jumuiya, anayewatoa watu kundini wakituma matangazo ya biashara! Kisha akamwomba, kwa heshima kabisa, abadilishe kitenge avae kilichopauka, ili watazamaji waguswe.

Na Baba? Unamjua kaka yako, mgeni akishakula kwake hawezi kumkatalia kitu. Na Bibi, mama yako mzazi, akainuka, akaanza kuelekea chumbani kubadilisha.

Hapo ndipo nilipowaka. Nilimshika mkono mlangoni nikamwambia asibadilishe chochote. Nikaenda bombani, na kwa bahati siku hiyo maji yalikuwa hayajakatika, nikafungulia mpaka mwisho huku kamera inarekodi. Nikamwambia yule kaka, "Maji ni haya. Na bibi yangu habadilishi nguo yake ili mimi nionewe huruma." Walifungasha vitu vyao wakaondoka.

Baba anasema nimemwaibisha mbele ya wageni. Mkuu wa shule anasema nimezitupa kompyuta za wenzangu kwa kiburi changu. Nimepewa mpaka kesho niombe radhi kwa maandishi na nikubali kurekodiwa upya, la sivyo nafasi yangu anachukua Masele, ambaye anajua vitu lakini mbele ya kamera anaganda. Gladness hanisemeshi. Yahaya ananisalimia, ila kwa mbali.

Sijifanyi kwamba hainiumi. Fainali naitaka, Shangazi, naitaka mpaka usingizi unakata. Lakini kuna watu wanaobeba maji kweli, binamu zetu wa Usagara wanabeba kila siku, na hakuna aliyewaomba ruhusa ya kuazima tabu yao. Mimi nikishinda nataka nishinde kwa sababu nilijua jibu. Kama hicho ndicho kiburi, basi ninacho, na sikiachi.

Bibi hajaniambia nimekosea wala nimepatia. Ila tangu siku ile ananiwekea kichwa cha samaki, ambacho miaka yote ni cha Baba. Baba anatazama sahani yangu, anakula.

Mdogo wangu Luhaga anakusalimu, amepanda darasa na sauti imeanza kumkwaruza. Bibi anasema ule vizuri. Nisalimie Mama Mkuu na Sista Rozaria aliyenifumia sweta. Mungu akutunze huko utawani, atutunze na sisi huku juu ya mawe.

Halafu usishangae kuona nembo ya shule kwenye kila ukurasa. Karatasi hizi mkuu wa shule alinipa za kuombea radhi. Hii ndiyo ya mwisho.

Ni mimi, binti wa kaka yako, nikupendaye sana,

Rebeka