Barua Ninazoandika kwa Jina Lako

Nashipai,

Hili sijamwambia mtu yeyote. Wale wakubwa hapa kwenye makao ya watoto wanafikiri Mum, mwenye makao, alinilazimisha kuendelea kumwandikia mfadhili wako baada ya wewe kufa. Hakunilazimisha. Mimi ndiye niliyemfuata ofisini nikamwambia, "Mum, mwandiko ni wangu tangu zamani. Hatajua."

Ulikufa Jumanne, kifua kimekubana, gari likiwa limeenda kuchukua wageni uwanja wa ndege. Tulikuzika nyuma ya bweni. Mum alikataa tuweke msalaba wenye jina, kwa sababu wageni hupita hapo wakienda kuonyeshwa shamba la sukuma wiki.

Wiki hiyo nilimsikia akimwambia mwalimu kwamba mfadhili wako akijua umekufa, lori la maji analolilipia kutoka Kitengela halitakuja tena. Na sisi tuliomaliza kidato cha nne itabidi tutafute pa kwenda. Mimi sina pa kwenda, unajua. Shangazi wa Kimuka aliniambia wazi nisirudi. Ndiyo maana nilisema nitaandika.

Mwanzoni haikuwa ngumu. Tangu darasa la tatu wewe ulikuwa ukisema na mimi naandika, na yule mama mfadhili akiamini mwandiko ni wako. "Mwambie niko na mbuzi watatu." Nikakuambia, "Nashipai, wewe huna hata kuku." Ukacheka mpaka ukakohoa. "Kwani atakuja kuwatafuta? Andika, karani wa chifu!" Mbuzi hao sasa wamezaa.

Lakini anakuja, Nashipai. Mwezi wa nane. Anasema amezeeka na anataka kukushika mkono.

Mum amemchagua Silantoi, yule msichana aliyeletwa kutoka Illasit ulipokuwa umeanza kuugua. Katika picha ya mwisho aliyo nayo mfadhili ulikuwa bado mdogo, na macho yenu yanafanana. Kazi ya kumfundisha ni yangu. Kila jioni namkaririsha maisha yako: kaka yako aliyepotea na ng'ombe, kovu la goti, jinsi mama yako alivyofariki. Juzi alikosea nikamfokea, mimi ambaye sijawahi kumfokea mtu. "Mama yako hakufia Loitokitok! Alifia Kajiado! Rudia!" Akarudia huku analia. Mama yake mwenyewe alifia Loitokitok.

Nilimwacha akalia, kisha nikamwambia arudie tena.

Halafu mfadhili akauliza katika barua: rafiki yako mrefu, Wambui, hajambo? Naye angependa kumwona. Yaani mimi. Unanijua, mgeni akiniuliza kitu, uso wangu unasema kila kitu. Kwa hiyo nikaandika kwamba Wambui amefariki. Nikaandika kifua. Nikaandika Jumanne, na gari ambalo halikuwepo. Nikaandika jinsi alivyoniomba maji na kikombe kikamshinda kushika. Ilikuwa barua ya kweli kuliko zote nilizomwandikia, isipokuwa jina.

Amejibu. Amekutumia pole kwa kifo changu. Anasema alilia siku nzima, na kanisani kwao watu wote walisimama kimya kwa ajili ya Wambui. Wewe tulikuzika haraka kabla wageni hawajafika, na wadogo wakaambiwa waoge wakaimbe. Nilisoma barua yake mara mbili. Halafu, Mungu anisamehe, nilifurahi kwamba kuna mtu alinililia.

Siku akija nitakaa stoo ya unga, mlango umefungwa kwa nje. Mum anasema itakuwa saa chache tu. Nitamsikia Silantoi akiitwa jina lako na akiitika. Anaitika vizuri sasa. Jana nilimwita kwa jina lake mara tatu jikoni, hakugeuka.

Sitakuomba unisamehe, maana nikikuomba ni kama bado nina nia ya kuacha. Ninachokuahidi ni hiki: yule mama akishaondoka, nitamrudishia Silantoi mama yake. Nitamkalisha chini anisimulie yote, hata ikichukua mwezi, na mimi nitakuwa wa kukariri.

Lala, rafiki yangu. Ukikutana na mama yake huko, usimwambie nilimfanya nini mtoto wake. Wala mama yako usimwambie. Kaa na hili wewe peke yako.

Wambui