Asilimia Sitini na Nane

Baba,

Nilitaka kukuandikia tangu wageni wa msiba walipoondoka, lakini mkono ulikataa. Nakuandikia leo kwa sababu kesho napanda basi la Mbeya, na sitaki kusafiri na maneno haya kifuani.

Kwanza nikupe habari za nyumbani, kama ulivyopenda. Mahindi ya bondeni yameiva vizuri. Baridi ya mwaka huu ilikuwa kali, Mama akakohoa sana, sasa hajambo, ila miguu bado inavimba. Ofisini kwako misheni wamemweka karani mwingine, kijana wa Njombe, na ukutani wametundika picha ya Malkia mpya wa Uingereza. Siku ya mazishi yako kanisa lilijaa hadi watu wakasimama nje kwenye ukungu. Mchungaji alisema mkono wako haukuwahi kuandika uongo. Mimi nililia kuliko wote, Baba. Nataka ujue hivyo. Nililia kwa moyo wote, kwa sababu nilikuwa bado sijajua.

Wiki iliyofuata alikuja Mwalimu Raheli kutupa pole, yule aliyenifundisha hesabu darasa la nane. Tulikaa jikoni tukimenya viazi. Akaniambia kuna jambo amekuwa akitaka kuniuliza miaka yote hii: kwa nini nilikataa kwenda shule ya wasichana Mbeya? Nilidhani amenichanganya na mtu mwingine. Nikamjibu kwamba sikukataa, ni asilimia hazikufika.

Akaweka kisu chini. "Baba yako alituambia umekataa mwenyewe," akasema. "Alisema hutaki kwenda mbali na mama yako."

Niliangalia viazi tu.

Wewe unajua ilivyokuwa, lakini nitaisema, maana hukuwahi kunieleza. Shule yetu haikutoa asilimia. Ilitoa pointi, kuanzia moja hadi nne, kisha wastani wake. Shule za bweni za Mbeya, ya wavulana na ya wasichana, zilitaka asilimia, na zilitaka sabini. Wa kubadili pointi kuwa asilimia ulikuwa wewe, karani. Nani angekukagua? Ulikuwa Karani Petro.

Siku uliponiletea majibu nilikuwa shambani kwenye pareto. Ulikuja mwenyewe, kwa miguu, na viatu vyako vya ofisini. Ulisema, "Umekosa kidogo tu, mwanangu. Sitini na nane." Ulinivulia koti lako ukanifunika mabega. Jioni ulinichomea mahindi kwa mkono wako, wewe ambaye hukuwahi kusogelea jiko. Na ulipoona siachi kulia, ukasema maneno ambayo nimeishi nayo tangu siku ile: "Si kila mtu kajaliwa hesabu, Estelia."

Nikakuamini. Nilikupenda zaidi kwa ajili ya lile koti.

Mwalimu Raheli aliniuliza wastani wangu ulikuwa ngapi. Ningesahau vipi? Pointi mbili na robo tatu. Akachukua kipande cha mkaa, akaandika kwenye sakafu ya jikoni. Pointi moja ilimaanisha alama za hamsini na kitu. Mbili, sitini na kitu. Tatu, sabini na kitu. Nne, themanini kwenda juu. Kwa hiyo ukichukua katikati, mbili ni sitini na tano, tatu ni sabini na tano, na mbili na robo tatu inakaa kati yake: sabini na mbili na nusu.

Nilikuwa nimefaulu, Baba.

Sasa hiyo sitini na nane ilitoka wapi? Tuliitafuta pamoja, tukaipata. Uligawa pointi zangu kwa nne, ukazidisha kwa mia, ukaacha robo tatu iliyozidi. Mtu akiitazama haraka, ni hesabu safi. Lakini kwa njia hiyo mwenye pointi moja, aliyejibu nusu ya maswali, anaonekana amejibu robo. Mtu mwingine angekosea hivyo kwa kutojua. Wewe ulijua, kwa sababu mwaka mmoja kabla ulikuwa umebadili pointi za Kaka Zakaria. Mwalimu Raheli alikumbuka vizuri, maana ulichinja mbuzi. Kaka alikuwa na mbili na nusu. Pungufu kuliko mimi. Kwake ulifuata njia ya shule, ile aliyoiandika Mwalimu Raheli kwa mkaa, akapata sabini kamili, akaenda Mbeya.

Ungetumia njia yangu kwake, naye angebaki. Ungetumia njia yake kwangu, nami ningekwenda. Njia zote mbili zilikuwa kichwani mwako, ukamchagulia kila mtoto ya kwake.

Kaka alipokuja kumaliza matanga nilimsubiri mpaka watu wakapungua, nikamuuliza. Hakubisha. Aliangalia chini, akasema ulimwambia mmoja wetu lazima abaki na Mama, na kwamba nisiambiwe ili nisiumie. Alijua, Baba. Kila likizo alikula ugali niliosonga, akijua.

Basi nikaenda kwa Mama. Niliogopa kumkuta naye anajua, ningebaki na nani? Nilimweleza yote, hadi mambo ya kugawa na kuzidisha. Alisugua magoti yake. Kisha akasema, "Mimi sikuomba mtoto abakishwe." Akageukia ukutani. Hajalitaja jina lako tangu siku hiyo.

Unajua kinachoniuma zaidi? Si Mbeya. Ungeniita ukaniambia, mama yako anaumwa, kaka yako yuko mbali, nakuomba ubaki, ningebaki. Ningelia, lakini ningebaki, na ningemchotea maji nikijua mimi ni mtu wa namna gani. Wewe hukuniomba. Ulichukua akili yangu ukanirudishia nyingine pungufu, na nikaivaa. Watoto wa jirani walipoleta hesabu zao niliwafukuza, nikiwaambia sijui. Sokoni Iringa nilimpa mwenye duka pesa nikapokea chenji bila kuhesabu, kwa aibu ya kukosea mbele yake. Posa ilipokuja ukasema bado nahitajika nyumbani, nikakubali, nikidhani mtu kama mimi hana cha kuchagua.

Mwalimu Raheli alinipeleka kwa mwalimu mkuu wa shule yetu. Shule ya wasichana hainichukui tena, umri umepita. Lakini Mbeya kuna darasa la kufundisha walimu wanawake, nao wanataka asilimia. Safari hii nilipiga hesabu mwenyewe, mwalimu mkuu akaipitia na kutia sahihi. Wamenikubali. Mama mdogo amehamia kutoka Ilula kukaa na Mama, na Kaka amesema atakuwa akija kila likizo. Nimemwambia aje kweli. Mama ndiye aliyenifungia mizigo. Aliifunga kwa nguvu hadi kamba ikakatika, akatafuta nyingine.

Ninakukosa, Baba. Nakasirika, halafu nasikia mtu anakohoa barabarani kama wewe, nageuka. Sijui nifanye nini na mambo haya mawili.

Siwezi kukuahidi msamaha, kwa sababu sitaki kukuandikia neno lisilo kweli. Ninachokuahidi ni hiki: mtoto yeyote nitakayemfundisha, nikimpa alama, nitakaa naye nimwonyeshe nilivyoipata, hata kama ni ndogo, hata kama atalia. Na akilia, sitamfunika koti kabla hajajua ukweli.

Pumzika. Mimi naondoka asubuhi.

Binti yako,
Estelia