Taya Ulilonipa, Yaya Sadrack

Kabondo, Kisangani

Yaya Sadrack, kaka yangu mkubwa,

Nakusalimu sana, nikitumaini Josée anayekuletea barua hii atakukuta na afya, wewe na watoto, na kwamba mtumbwi mpya umeshazoea maji. Huku kwangu uzima upo. Utashangaa dada yako anaandika kama watu wa zamani na simu ipo. Kwenye simu unanikatiza, unatia mzaha, na mimi mjinga nacheka. Safari hii nataka unisikilize mpaka mwisho.

Habari ni kwamba mnyama wetu amekufa mara ya pili.

Unakumbuka mwaka ule mto ulipopungua na ukingo wetu wa Yanonge ukabomoka, ukaniita nije nione. Tulichimba pamoja zile pingili za mgongo na kipande cha mfupa wa paja, na niliporudi mjini ukaendelea kuchimba pingili nyingine peke yako. Kazi yangu kitivoni ni mifupa ya kale, na mashimo yaliyo ubavuni mwa pingili yalinionyesha mara moja kwamba huyu ni dinosau, wa wale wa shingo ndefu waliokula majani. Lakini wenye shingo ndefu ni wengi. Ili niseme kwamba huyu ni spishi mpya, nilihitaji mfupa wa kumtofautisha na wenzake, na hatukuwa nao. Nilikuwa tayari kuandika kwamba hajulikani na kuishia hapo.

Ndipo ukaja na taya, umelifunga kwa majani kama liboke la samaki. Kwanza ulimaliza sufuria yangu yote ya pondu, kama kawaida yako, halafu ukalifungua na kusema umelichimba mwenyewe: “Orpha, mi njo nilitosha hii mufupa, pale pale kwenye shimo yetu. Iko ya nyama ile ile.” Nilikueleza, umeketi mbele yangu, kwamba mifupa ya mahali pawili haiunganishwi hata ikifanana, kwa sababu kati ya tabaka moja la udongo na jingine huweza kupita mamilioni ya miaka. Nikakuuliza tena. Ulinuna. Tukashuka wote Yanonge, ukanionyesha shimo dogo ubavuni mwa lile letu, na alama ya taya bado imo kwenye tope. Nilipiga magoti nikapiga picha.

Taya lile ndilo lililonipa spishi. Meno yake yalikuwa na mifereji ambayo hakuna mwenye shingo ndefu anayejulikana kuwa nayo. Nikaandika makala, nikampa mnyama jina la marehemu papa, baba yetu. Wewe mwenyewe ulikuwapo mama alipotangaza kanisani, na kwaya ya akina mama ikasimama kumwimbia papa. Ulipiga makofi, Yaya. Nilikuona.

Mwenzangu Timothée ndiye aliyeisoma makala kabla sijaituma. Aliona udongo uliobaki kwenye mashimo ya meno unaelekea wekundu, akaniuliza taratibu: “Bon, huyu yaya yako, ulimuuliza muzuri?” Nilimjibu vibaya mbele ya wanafunzi. Nilimwambia kwamba wewe ndiye uliyenifundisha kuogelea, na kwamba huwezi kunidanganya. Akaniomba radhi, maskini.

Ili nimfunge mdomo kabisa, nilikwangua ule udongo nikauweka chini ya hadubini. Ulikuwa mwekundu kweli, umejaa viganda vidogo vya wadudu wa majini. Udongo wa ukingo wetu ni wa kijivu na hauna kiganda hata kimoja. Tabaka jekundu lilikuja baadaye sana, wakati mnyama wetu ameshageuka jiwe. Upande wetu mto umelila lote. Limebaki ng'ambo ya kijito, kwenye ukingo wa mkwe wako, Papa Benoît. Kwa hiyo nilikuwa nimemtungia mnyama mmoja mgongo wake na taya la mwingine.

Hata hapo nilikutetea. Nilijiambia umekosea, labda mafuriko yamechanganya vitu.

Halafu mkeo Gracia akaleta mtoto kwa matibabu, akalala kwangu. Nilimuuliza tu habari za taya, naye akacheka, akidhani nazijua. Alisema ulilitoa chini ya mitego ya baba yake wakati mzee yuko matangani. Tena akasema kwao hata kuni haziokotwi kwenye ukingo wa ukoo mwingine bila kuomba, sembuse wa mkwe, na uliogopa kuitwa mbele ya wazee. Usimgombeze, hakujua anachonipa. Hofu yako ningeielewa. Ningekwenda na wewe kumwomba Papa Benoît msamaha, na tungerudi tukicheka.

Lakini alinieleza na habari ya shimo. Alisema kabla hujaja Kisangani ulilichimba ukingoni kwetu, ukaligandamiza taya kwenye tope libaki na alama, ukafunika kwa majani ya mgomba mvua isiifute. Mwenye hofu angenyamaza. Wewe ulichukua jembe. Ulijua nitakuja kutazama, na ulijua nitaamini kwa sababu ni wewe. Hilo linaniuma kuliko makala yenyewe, na sijui litaacha lini kuniuma.

Makala sitaituma tena. Timothée hakunicheka, ila aliniuliza ni nani anayeweza kushuhudia zile pingili ulizochimba peke yako nilipokuwa nimerudi mjini. Shahidi ni wewe tu. Zote zimerudi masandukuni bila jina. Taya nitalileta mwenyewe kwa boti lijalo, nimkabidhi Papa Benoît na kumweleza lilivyofika kwangu. Huenda ni la mnyama mpya kweli. Kama atataka lichunguzwe, na liitwe nani, ni yeye atakayesema.

Jumapili mama alinipigia kuuliza kitabu chenye jina la papa kinafika lini, amwonyeshe mchungaji. Nilimdanganya kwamba mtandao ni mbaya, nikakata. Sasa na mimi namdanganya, kwa ajili yako. Jina nimelifuta kwa mkono wangu. Kumwambia mama ni kazi yako, na uifanye kabla boti halijafika.

Nisalimie Gracia, ubusu watoto, na Papa Benoît umwambie ninakuja. Mama usinisalimie. Akishajua, atanipigia mwenyewe.

Ni mimi mdogo wako,
Orpha