Nimemwangusha Kipara Mbele ya Mjomba

Mshauri, shikamoo. Nakuomba unisikilize maana kichwa kimevurugika na sina wa kumweleza, mume wangu nikimgusia anacheka tu, anasema nimechanganya dawa. Mimi kazi yangu ni kusaga na kufunga lenzi kwenye duka la miwani, na tangu nikiwa msichana nacheza karate kwa mjomba wangu, ambaye ndiye aliyenilea baada ya mama kufariki, ana ukumbi wake nyuma ya gereji, na ujasiri wote nilio nao kanipa yeye. Sasa magoti yake yamechoka, akaanza kutangaza mbele ya wanafunzi kwamba ukumbi ule utakuwa wangu, wao wanapiga makofi, mimi natabasamu, na sijui nini kiliniingia, wiki zilezile nikaanza kwenda kujifunza ndondi upande wa pili wa mji huku nikimwambia mjomba kazi zimezidi dukani.

Kwenye ndondi kocha akasema nashusha mikono mno na kwamba karate ni ngoma isiyo na muziki, nikaudhika nikaacha, nikahamia judo, na huko mwalimu ni mama wa makamo, fundi wa mapazia, siku ya kwanza alinifundisha kuanguka tu, naanguka naamka, naanguka naamka, nikarudi nyumbani mwili wote unauma na nina furaha ambayo hata sikuielewa. Tangu hapo ni kulinganisha tu, nikiwa karate nawaza kukamata, nikiwa judo miguu inataka kupiga teke, hata dukani nimeshika fremu ya mteja najiuliza ipi bora, na jibu la jana leo silikubali.

Mwezi uliopita mjomba alikuwa anaonyesha teke la kuzunguka, goti likagoma, akaanguka na kutanguliza mkono, kiwiko kikateguka. Nikiwa namfunga kitambaa nikamwambia taratibu kwamba hata kuanguka kunafundishwa, tungewafundisha na hawa wanafunzi. Akanitazama, akasema, "Hapa tunafundisha watu kusimama." Nikamalizia kufunga kitambaa.

Sasa Jumamosi, mkono ukiwa bado umening'inizwa shingoni, akaalika wazazi waje kuona mazoezi, akanipanga nicheze na Kipara, mwanafunzi wake mkongwe kuliko wote. Kipara akaja na ngumi, na nakuapia sikukusudia, mikono yangu ikamkamata ukosi, kiuno kikageuka chenyewe, nikamwona Kipara yuko hewani kisha yuko sakafuni. Hakuumia, alikaa pale anacheka, na wazazi wakashangilia wakidhani ndiyo karate yenyewe. Mjomba peke yake hakushangilia. Akaja karibu akaniuliza kwa sauti ya chini, "Hiyo umeitoa wapi?" Nikasema sijui. Akachukua koti lake akatoka, na hadi leo simu yangu inapokelewa na mkewe, eti mjomba amepumzika.

Nimemsaliti, au nimejifunza tu? Niache judo nirudi kwake, au nihame moja kwa moja? Kuna asubuhi naamka nadhani sipendi hata mojawapo. Nielekeze, mimi sijielewi.

Niliyepotea Kati ya Kumbi

Marahaba, mwanangu, na pole. Barua yako nimeisoma mara mbili, maana mara ya kwanza ulinivuruga hata mimi.

Kwanza acha kujitesa. Kujifunza judo si uzinzi. Mtu anayependa mazoezi ataonja huku na kule, atalinganisha, atachanganyikiwa kidogo, na mwili wake utachagua kabla ya kichwa. Hilo halina kosa. Kosa ni lile neno "sijui". Ulijua vizuri sana ulikoitoa. Mzee wa watu kagundua mbele ya wageni wake kwamba umekuwa ukimdanganya, akakuuliza kwa heshima, pembeni, nawe ukamdanganya tena papo hapo. Mimi ningechukua koti langu pia.

Halafu unaniuliza ipi bora. Sitakujibu, maana hilo silo linalokusumbua. Ulianza kuzurura wiki zilezile alipotangaza kukurithisha ukumbi, umeandika mwenyewe kwa mkono wako. Unaogopa kumwambia aliyekulea kwamba mzigo huo huutaki, au huutaki namna anavyotaka yeye. Ndiyo maana kila ukumbi unakukinaisha: unakimbia mtu, unasingizia teke.

Basi fanya hivi. Nenda kwake mchana, peke yako, usimtume mkewe wala usibebe zawadi ya kumlainisha. Usiombe radhi kwa kujifunza judo. Omba radhi kwa uongo, tena uutaje kwa jina lake. Kisha mwambie la ukumbi. Kama huutaki, sema huutaki, Kipara yupo, ndiye mkongwe kuliko wote. Kama unautaka, mweleze kwamba utawafundisha wanafunzi wake na kuanguka, kwa sababu ulimfunga mkono na hutaki kumfunga mwingine. Judo endelea nayo, ila kuanzia sasa aijue.

Atakasirika, na haki anayo. Mwache aseme mpaka amalize, na usinyanyuke kitini.